Mholanzi Aliyetoka na Soksi Kavu

Den Helder, 14 Oktoba 2024

Babu Denzil, shikamoo.

Hamjambo huko Plymouth? Goti la Bibi Aafje limepungua uvimbe, au bado anapanda ngazi akilitukana? Sisi wazima. Mama amekata nywele fupi na anajuta. Opa, babu yangu mzaa Mama, yuko kisiwani Texel na kondoo wake. Juzi amegombana na daktari wa mifugo, halafu akagombana na jirani aliyemtetea daktari, kwa hiyo ujue afya yake ni nzuri. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu husikii kitu tangu mizinga ikuzibe masikio, na ujumbe wa kubonyeza umeukataa katakata.

Sasa nisikilize. Januari nakwenda Norwei kama muuguzi wa kikosi cha makomando wetu wa majini. Kabla hatujaondoka tunafundishwa kuishi na baridi, na mwalimu ametoka kwenu, maana siku hizi huwezi kujua makomando wa Kiingereza wanaishia wapi na wa Kiholanzi wanaanzia wapi. Anaitwa Sajini Rennie, Mskoti, ana sauti kama ya mtu wa mnadani. Jumanne alitufundisha habari ya soksi.

"Kila mtu ana jozi mbili," akasema. "Za kazini na za kulalia. Za kulalia haziguswi mchana! Asubuhi unavaa zile zile mbichi za jana, hata kama zimeganda zinasimama zenyewe. Ukishindwa ukatoka na kavu, usiku utalala na nini? Ngoja niwape ya yule Mholanzi wa mwaka sabini na tisa."

Babu, darasa zima lilikuwa linaijua! Wenzangu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo vizuri. Eti kulikuwa na Mholanzi mmoja, alfajiri akaogopa baridi kama mtoto anayeogopa kuoga, akatoka na soksi kavu. Zikalowa. Siku ya tatu daktari anamvua kiatu, anakuta vidole vitatu vya mguu wa kushoto vyeusi ti. "Na soksi aliyoivaa," akasema sajini, "ina jina la Mwingereza limeshonwa ukingoni! Bwana mkubwa kachanganyikiwa mpaka kavaa soksi za mwenzake! Wakamrudisha kwao kuchunga kondoo, na kondoo wakamzidi akili." Nami nilicheka. Nilicheka mpaka alipotaja kondoo.

Opa hana vidole vitatu mguu wa kushoto. Sisi tuliambiwa trekta ilimkanyaga. Na wewe na Opa mlikutana Norwei mwaka huo huo, ndiyo maana ukaja kumpata dada yake, Bibi Aafje. Hebu niambie, Babu. Ni yeye?

Mjukuu wako mdadisi,
Lobke


Stonehouse, Plymouth, 3 Novemba 2024

Mjukuu wangu Lobke, marahaba.

Barua yako tumeipata na bibi yako ameisoma mara mbili, mara ya pili akitafuta kama umemtaja mchumba. Hukumtaja. Goti linaendelea hivyo hivyo. Daktari anasema asipande ngazi, naye amemjibu daktari aje basi alale sebuleni badala yake. Timu yetu imefungwa tena, nyumbani, mbele ya watu. Watoto wa mtaani wameanza kulipua fataki kabla ya siku yake, lakini mimi sisikii, faida mojawapo ya mizinga. Jumapili ijayo nitavaa medali, nitasimama na wenzangu kwenye mnara wa kumbukumbu, mvua itatunyeshea kama kila mwaka, na tutakula pai za nyama.

Umeniuliza habari za sisi na makomando wenu, na mimi hapo ukinigusa huninyamazishi. Mwaka 1667 mlitupandia kwenye mto Medway, mkachoma meli zetu zikiwa zimelala, na moja mkaikokota mpaka kwenu. Hilo shemeji yangu Meindert, Opa wako, hajaacha kunikumbusha hata siku moja, hata siku ya harusi yangu. Haikupita miaka arobaini, mwaka 1704, makomando wenu na wetu wakashuka boti pamoja wakaichukua Gibraltar, wakakaa juu ya ule mwamba wakizingirwa, wakigawana mikate yenye funza. Vita vya pili vya dunia, wetu walishuka kisiwani Walcheren kwenye maji ya baridi kuja kuwakomboa, na Waholanzi walikuwemo humo humo kwenye boti. Tangu 1973 ni kikosi kimoja kabisa. Tumeachana na kurudiana kama mke na mume wa mtaa wa pili.

Kuhusu trekta, muulize mwenye mguu. Hadithi za walimu hutiwa chumvi mpaka hazilambiki. Wewe jifunze kazi yako, kula ushibe, na usimwoneshe Mskoti yeyote mahali unapoficha biskuti.

Wako anayekupenda,
Babu Denzil


Den Helder, 21 Novemba 2024

Babu Denzil, shikamoo tena.

Nimekuuliza vidole vitatu, umenijibu miaka mia tatu. Loo! Bibi yangu aliolewa na maktaba?

Mama anawasalimu. Nywele zimeanza kuota. Mchumba hayupo, mwambie Bibi apumzike.

Nilikwenda Texel wikiendi na nimemuuliza mwenye mguu, kama ulivyoniagiza. Akasema, "Trekta." Nikamuuliza trekta ipi. Akasema, "Ile nyekundu." Basi nikaenda kwenye albamu ya picha ya marehemu Oma, mkewe. Trekta nyekundu ilinunuliwa Aprili 1983, Oma ameandika tarehe nyuma ya picha. Na kuna picha ya kiangazi cha 1981, Opa yuko ufukweni, miguu mitupu, amembeba Mama akiwa mchanga. Mimi ni muuguzi, najua kuhesabu. Mguu wa kushoto vidole viwili. Kwa hiyo trekta ilimkanyaga miaka miwili kabla ya kununuliwa. Sijamwambia.

Nyuma ya saa ya ukutani nimekuta kadi. Ni mialiko ya karamu yenu ya wazee wa kikosi cha pamoja, inayofanyika Plymouth kila baada ya miaka mitano. Ametunza kadi zote na hajaenda hata mara moja. Karamu huwa Machi, naye husema kondoo wanazaa. Mama anakumbuka mwaka mmoja mliihamishia Oktoba, akasema madume yanapandisha. Safari hii ni tarehe nane Februari. Nikamuuliza, "Februari kondoo wanafanya nini, Opa?" Akasema wanafikiri.

Nilicheka, halafu nikamuuliza taratibu kama angependa kwenda. Akasema, "Wale walikuwa watu wangu, Lobke." Akavaa buti akaenda bandani, na wakati ule hakukuwa na kazi bandani.

Babu, ana miaka sitini na tisa na kifuani ana mashine ya kuupigisha moyo. Nataka akae meza moja na watu wake hata mara moja kabla hajafa. Hilo tu. Lakini lazima nijue kinachomzuia ni nini. Wewe ulilala hema gani mwaka ule? Najua mlikuwa mnachanganywa, Mwingereza mmoja na Mholanzi mmoja, kila mmoja akague miguu ya mwenzake jioni. Nani alikuwa anakagua ya Opa?

Lobke


Stonehouse, 15 Desemba 2024

Mjukuu wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, halafu bibi yako akayapata, halafu kukawa na kazi ya kushusha mapambo ya Krismasi kutoka darini. Tarehe kumi tulikunywa kwa heshima ya siku ya kuzaliwa kwa kikosi chenu, kama tufanyavyo kila mwaka, na Mholanzi mmoja aliyekuja kozi alitufundisha wimbo ambao siwezi kuuandika hapa.

Ndiyo, nililala hema moja na Meindert. Hakuna siri. Ndiyo, ni yeye wa kwenye hadithi. Alitoka na soksi kavu. Kosa la ujana, na yeyote angeweza kulifanya, asubuhi zile hujawahi kuziona. Mimi nilimtetea kadiri nilivyoweza. Haji kwenye karamu kwa sababu anaona aibu, na mtu akiona aibu mwache nayo, usimfukunyue.

Bibi yako amekutumia soksi. Amezifuma yeye. Usicheke.

Babu Denzil


Norwei kaskazini, 12 Januari 2025

Babu Denzil,

Asante kwa soksi, mwambie Bibi sijacheka, nimelia kidogo. Ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Wino nimeuweka kwapani ndio naandika.

Kwenye hema langu nimepewa muuguzi wenu, Jago, kijana wa Cornwall asiyenyamaza hata akipiga mswaki. Anachemsha chai kila dakika kumi. Mimi nampa mkate wenye punje za chokoleti, anasema Waholanzi ni watoto waliopewa bunduki. Jana tuliruka kwenye tundu la barafu. Unajua lenyewe. Unazama mpaka shingoni, unataja jina na namba yako, unaomba ruhusa ya kutoka, na wote waliosimama juu, wenu na wetu, wanakuzomea kwa mapenzi. Jago alishika mkono wangu kunitoa, akaniambia, "Karibu nyumbani, kichwa cha jibini," kama mnavyotutania Waholanzi. Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo kama Opa alivutwa na wewe hivyo.

Sasa niseme nililotaka kusema. Kila asubuhi navaa soksi zilizoganda, na kila asubuhi nafikiria zile zenye jina la Mwingereza. Wote wanacheka wakifika pale, Babu, na hakuna anayeuliza. Mtu havai soksi za mwenzake kwa bahati mbaya huku. Tunazivaa na kuzivua kila siku, tunazijua kuliko uso wetu. Ukikuta mguuni mwa mtu soksi mbichi ya mwenzake, basi zake kavu ziko kwenye miguu ya nani?

Na jambo la pili. Nilitaka kujua hadithi ilianzia wapi. Rennie aliniambia aliipata kwa mwalimu wake, Bwana Braund, mwaka 1996. Akanipa anwani. Nikamwandikia mzee wa watu. Jibu lake limenifika jana, nalinakili:

"Mbona unaniuliza mimi, binti? Muulize Denzil Luscombe. Yeye ndiye mwenye hadithi. Kaisimulia kambini Stonehouse tangu nikiwa kuruta, anavua kiatu anapanda juu ya meza, tunashika mbavu. Kila karamu tunamwomba. Hakuna aiwezaye kama yeye."

Kila karamu, Babu.

Soksi ile ilikuwa na jina gani ukingoni?

Lobke


Stonehouse, 24 Januari 2025

Lobke,

Luscombe.

Nimeandika neno hilo nikaenda kutembea gatini mpaka bibi yako akanitafuta. Sasa nimekaa. Leo sina habari za goti wala za mpira.

Asubuhi ya siku ya pili ya dhoruba nilishika soksi zangu za kazini, zilikuwa ngumu kama ubao, na nikashindwa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilishindwa na soksi. Nikavaa zile kavu. Meindert aliniona, akasema, "Usifanye hivyo, Den." Nikamwambia anyamaze. Kufika saa sita mchana zimelowa. Jioni akanivua viatu kunikagua kama ilivyokuwa kawaida, akaona miguu yangu imekuwa myeupe kama nta, akavua soksi zake za kulalia akanivalisha mwenyewe, kama mama. Akachukua zangu mbichi akavaa. Zake za kazini zilikuwa mbichi pia, tena zina shimo kisigino, akasema zangu ni afadhali, nami sikubisha. Tulikaa ndani ya hema siku mbili. Kila jioni ilikuwa zamu yangu kukagua ya kwake. Usiku wa kwanza alisema, "Niko sawa," na mimi nikafurahi kuambiwa hivyo. Wa pili sikumuuliza.

Huko kuungua na baridi kwa uzembe ni kosa la kushtakiwa. Afisa alipokuja akauliza nani ametoka na kavu. Mimi nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Meindert akasema, "Mimi, afande." Alikuwa anakwenda kozi ya usajini mwezi uliofuata. Hakwenda. Mwaka uliofuata akatoka jeshini. Mimi mwaka ule ule nikawa koplo.

Hadithi nilianza kuisimulia kwa woga. Mtu aliniuliza baa, yule Mholanzi wa hema lako vipi, na mimi nikaona macho yake nikadhani anajua. Nikafanya mzaha haraka haraka. Wakacheka. Wakaniomba tena siku nyingine. Ukishachekesha watu mara kumi, mjukuu wangu, jambo linaanza kuonekana kweli hata kwako mwenyewe. Nimekula na kunywa kwa hadithi ile miaka arobaini na sita. Watu wameniita mcheshi.

Bibi yako hajui. Tarehe nane nitasimama karamuni mbele ya wote nitasema ukweli. Nimeamua. Nisamehe kama unaweza.

Denzil Luscombe


Norwei, 31 Januari 2025

Babu,

Nina hasira nawe.

Usithubutu kusimama karamuni kabla hujamwambia Opa. Nakujua. Utasimama, utasimulia vizuri sana, sauti itakatika mahali panapofaa, wazee watafuta machozi, watakupigia makofi kwa ujasiri wako na kukununulia bia. Itakuwa hadithi yako ya pili kwa mguu ule ule wa mtu.

Nenda Texel. Kaa mbele yake. Hakuna wa kukucheka kule wala wa kukupongeza.

Na mwambie Bibi kwanza. Usimwache asikie kwa majirani.

Lobke


Norwei, 2 Machi 2025

Babu,

Kimya chako kimezidi mwezi. Mama anasema Opa hataki kusema lolote kwenye simu ila hali ya hewa. Bibi kaniandikia kadi ya mstari mmoja: "Babu yako anapika mwenyewe siku hizi." Ulienda au hukuenda? Hata kama mambo yameharibika, nataka kujua.

Lobke


Stonehouse, 23 Machi 2025

Mjukuu wangu Lobke, hujambo.

Bibi yako anakusalimu. Amerudi kupika tangu jana, ila bado ananiita "Bwana Luscombe," na chumvi anaweka anavyotaka yeye. Usiku ule nilipomwambia hakulia wala hakupiga kelele. Alinifungia sanduku langu peke yangu, akaliweka mlangoni. "Yule ni kaka yangu," akasema. "Umekula mezani kwake kila kiangazi."

Nilifika Texel tarehe tano Februari, kivuko cha asubuhi. Meindert alikuwa bandani anapasua karoti za kondoo. Sikukaa hata chini, nilisema yote nikiwa nimesimama na sanduku mkononi, kwa haraka, vibaya, bila mpangilio. Ungefurahi, hakukuwa na ufundi hata kidogo. Yeye aliendelea na karoti.

Nilipomaliza akasema, "Umesahau hapo uliponiambia ninyamaze."

"Ulikuwa unajua nasimulia?" nikamuuliza.

"Tangu themanini na nne. Nahodha mmoja wenu alikuja kununua dume hapa. Akanisimulia nikiwa nimelishika hilo dume lake shingo. Hakujua ni mimi. Akasema kaisikia kwa Denzil Luscombe, na hakuna anayeisimulia kama Denzil."

"Mbona hukuniambia neno?"

"Ulikuwa umeshamuoa Aafje. Na mtoto njiani."

Nikamwambia, shemeji, wale wazee wangekucheka siku moja tu, wangekukumbatia, yangekwisha. Wanakupenda, wanakuuliza kila mara. Kwa nini umekaa mbali nao maisha yote? Ndipo akaweka kisu chini.

"Wao wangenicheka, na mimi ningecheka nao," akasema. "Kosa lako nilijitwisha mwenyewe, Den, hakuna aliyenilazimisha, na ningejitwisha tena. Lakini nisingeweza kukaa kwenye meza ile nikuangalie wewe ukicheka."

Lobke, nimepigwa risasi mara moja maishani, unajua kovu lilipo. Ile haikuwa kitu.

Nilimwomba aje nami karamuni. Akasema hapana, na safari hii hakutaja kondoo. Basi tarehe nane nilikwenda peke yangu. Baada ya chakula wakaanza kugonga meza, "Soksi! Soksi!" kama kawaida yao. Nikasimama. Kiatu sikuvua. Nilisema sentensi nane, nilizihesabu usiku uliotangulia: kwamba ni mimi niliyetoka na soksi kavu, kwamba yeye alinipa zake, kwamba usiku wa pili sikumkagua, kwamba alisema "mimi" na mimi nikamwacha aseme, na mengine unayajua. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyeninunulia bia. Braund, yule uliyemwandikia, alinitazama kama mtu aliyegundua kuwa amekuwa akilishwa kitu kibaya, kisha akageuza kiti chake akanipa mgongo. Nilichukua koti langu nikaondoka kabla ya kahawa.

Nikadhani yameishia hapo. Wiki tano sikuweza kukuandikia kwa sababu sikuwa na cha kuandika.

Kumbe wenyewe walibaki mezani wakashauriana. Wouter de Haas, aliyekuwa dereva wenu wa magari ya theluji, akawaambia kama Meindert haji kwenye meza, basi meza imfuate. Jumanne iliyopita Braund akagonga mlango wangu. Hakunisalimu. "Tunaondoka kesho alfajiri," akasema. "Utakuja, na utabeba mabegi."

Tulikuwa kumi na mmoja, sita wenu na watano wetu, mdogo kuliko wote ana miaka sitini na mbili. Mmoja ana fimbo, mmoja ana fimbo mbili. Tukashuka kwenye kivuko na bereti zetu kichwani, watalii wakatupiga picha. Meindert akatoka bandani na mikono yenye damu mpaka kwenye viwiko, akatutazama, uso ukamgeuka rangi.

"Nyie hamna akili?" akapiga kelele. "Kondoo wanazaa!"

"Ndiyo tumekuja!" Wouter akajibu. "Miaka arobaini unatuambia wanazaa, tukasema tuje tuone kama ni kweli!"

Ilikuwa kweli. Alituvua makoti wote akatugawia kazi. Braund, mtu aliyefundisha makomando miaka ishirini, akapewa kumshika jike anayezaa, akawa anaita "Nifanye nini? Nifanye nini?" mpaka Mholanzi mwenye fimbo mbili akaja kumwelekeza kwa fimbo moja. Wanakondoo tisa walizaliwa siku ile. Mimi nilipewa kufagia, nje, na nilifagia.

Jioni tukakaa humo humo bandani juu ya marobota ya majani makavu, tukala supu ya njegere na soseji. Mimi nilikaa karibu na mlango. Wouter akasema, "Meindert, hadithi yako tumeisikia kwa watu wote isipokuwa wewe. Haya."

Alikataa kidogo, kisha akaanza. Lobke, Opa wako ni msimulizi kuliko mimi, na miaka yote hii sikujua! Alinitaja kwa jina langu. Aliiga nilivyoshika ile soksi iliyoganda nikaitazama kama barua ya kodi. Aliiga nilivyomwambia anyamaze, kwa lafudhi yangu ya Devon kabisa. Alieleza alivyonivalisha huku nikilalamika kwamba soksi zake zinanuka jibini. Hilo nilikuwa nimelisahau, na ni kweli nililisema. Wazee waliangua vicheko mpaka kondoo wakashtuka. Braund alikuwa anafuta macho kwa bereti.

Meindert hakuwa anawatazama. Alikuwa ananitazama mimi kule mlangoni, maana wote kumi walicheka na mimi sikucheka. Alinitazama mpaka wengine nao wakageuka kunitazama.

"Sasa cheka, shemeji," akaniambia. "Hii unaruhusiwa."

Nikajaribu, mjukuu wangu. Nilifungua mdomo, nikajaribu kweli, na nikashindwa. Naye akasogea kwenye robota lake, akaniachia nafasi.

Babu yako,
Denzil